Nguo ya Kuvutika Hupimwa Mwilini

Maneno yaliyosomwa kwa niaba ya walimu na mama wa kikundi cha ushonaji, Siku ya Wakimbizi, hapa kambini Dzaleka



Tunaishukuru Kamati kwa kutupa nafasi ya kusema machache katika siku hii ya tarehe 20 Juni. Siku ya Wakimbizi Duniani iliadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2001, Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 ulipotimiza miaka 50. Kila inapofika, wapo wanaosema juu ya amani, juu ya kurudi nyumbani na juu ya nchi za mbali zinazopokea watu. Hayo ni mambo makubwa na yana wenyewe. Sisi tumeombwa tuseme juu ya kazi ya mikono yetu, nasi tumechagua jambo moja: namna ya kushona suruali ya kitambaa cha kuvutika, ile ambayo vijana wanaiita taiti, mpaka imkae vizuri msichana wa shule.

Huenda mtu akajiuliza kama hilo ni jambo la kusemwa siku kama ya leo. Tunaomba mtusikilize kwanza.

Kwa nini taiti

Wote mnaijua baridi ya hapa Dowa katika Juni na Julai. Watoto wanafika darasani asubuhi wakiwa wamejikunyata. Lakini baridi ni sababu ya pili. Sababu ya kwanza ni uwanja wa michezo. Wasichana wa madarasa ya chini wanakimbia na kuruka pamoja na wengine. Wakishaanza kukua, tunawaona mmoja mmoja wanakwenda kukaa ukutani kipindi cha michezo kinapofika. Mmoja anasema kichwa kinamuuma, mwingine anasema amesahau kitu nyumbani. Mama wa kikundi chetu walipowauliza kwa upole, jibu lilikuwa nguo. Sketi inapanda mtu anaporuka kudaka mpira. Wavulana wanacheka. Na katika zile siku zao za mwezi hofu inakuwa kubwa zaidi, hata wengine hawafiki shuleni kabisa.

Tunaishi katika nchi ambayo mpira wa pete unaheshimiwa sana, na timu yake ya taifa ya wanawake, Queens, inajulikana hata nje ya Afrika. Binti zetu wanawasikia na wanatamani kucheza kama wao. Kinachowaweka ukutani mara nyingi ni kipande cha nguo tu. Ndiyo maana tukasema tushone taiti, ivaliwe chini ya sketi au chini ya kitenge.

Wazee wetu wametuuliza kama suruali ni vazi la binti. Swali hilo ni la haki na hatulipuuzi. Wengi wetu tumetoka Kongo, na wenye umri wanakumbuka kwamba siasa ya Mobutu ya miaka ya 1970 iliwataka wanawake wavae vitenge, na suruali haikuruhusiwa. Huku Malawi nako, wakati wa utawala wa Banda, sheria ya mwaka 1973 ilikataza wanawake kuvaa suruali na sketi fupi hadharani. Sheria hizo zimekwisha kuondoka, lakini heshima iko pale pale, nasi tunaitaka. Mtaona mbele kwamba jaribio zuri la nguo linamsaidia mama anayeogopa nguo ya kubana kama vile linavyomsaidia binti anayetaka kukimbia.

Kitambaa chenyewe

Fundi aliyezoea kitenge au kaki anajua kitambaa kilichofumwa kwa nyuzi za kwenda na nyuzi za kukata. Hicho hakivutiki, isipokuwa kidogo kikishikwa kwa mshazari. Kitambaa cha fulana kimetengenezwa kwa njia nyingine. Uzi umepigwa vitanzi, kitanzi ndani ya kitanzi, kama sweta. Ukikivuta, vitanzi vinafunguka. Ukikiachia, vinajaribu kurudi. Mashine ya kwanza ya kufanya kazi hiyo ilibuniwa na Mwingereza William Lee mwaka 1589, kwa ajili ya soksi. Baadaye sana, mwaka 1958, mkemia Joseph Shivers wa kampuni ya DuPont huko Marekani alibuni uzi unaorudi kama mpira, ambao ulipewa jina la biashara la Lycra. Mkiona kwenye lebo ya mtumba neno elastane au spandex, ni kitu kimoja. Hata asilimia 5 yake ikichanganywa na pamba, kitambaa kinarudi vizuri zaidi.

Sisi tunapata kitambaa kutoka katika mitumba, ambayo wenyeji wetu wanaiita kaunjika. Fulana kubwa mbili za wanaume zinatoa taiti moja inayofika chini ya goti, mguu mmoja kwa kila fulana. Akihitaji ndefu, tunaunga kipande cha chini kutoka katika mikono ya fulana zile zile. Mtumba una faida moja: umefuliwa mara nyingi, kwa hiyo umekwisha kusinyaa. Kitambaa kipya cha pamba lazima kifuliwe na kukaushwa kabla ya kukatwa, la sivyo suruali iliyomkaa leo itamkataa baada ya kufuliwa mara ya kwanza.

Kabla ya kitu chochote, tunakijaribu kitambaa. Chukua sehemu isiyo na mshono, weka alama mbili za chaki zenye umbali wa sentimeta 10, kisha vuta kwa nguvu ya kawaida juu ya rula. Zikifika sentimeta 14, kitambaa kinavutika kwa asilimia 40. Zikifika 15, ni asilimia 50. Halafu achia na upime tena. Zikirudi 10, ni kitambaa chema. Zikibaki 11, kitambaa hicho kinakubali kuvutwa lakini hakirudi, na magoti yake yatajaa kama vifuko baada ya siku moja. Hicho tunakitumia kwa vitu vingine. Tena tunatazama upande. Fulana huvutika zaidi kwa upana kuliko kwa urefu, na upande unaovutika zaidi ndio unaozunguka mwili.

Vipimo na heshima

Tunachukua vipimo nane: kiuno, nyonga, paja, goti, kifundo cha mguu, urefu wa nje kutoka kiuno mpaka kifundo, urefu wa ndani wa mguu, na mzunguko wa msamba, yaani kutoka kiuno mbele, kupita katikati ya miguu, mpaka kiuno nyuma.

Hapa tuna kanuni ambazo hatuzivunji. Msichana anapimwa na mwanamke. Anapimwa ndani ya chumba chenye pazia, akiwa na mwenzake au mama yake kama anapenda. Kipimo cha msamba anashika tepu mwenyewe, na mpimaji anasoma namba tu. Namba haisomwi kwa sauti, inaandikwa. Na hakuna anayesema neno juu ya mwili wa mtoto wa mwenzake, si unene wala wembamba. Tunaomba watumishi wa mashirika wanaokuja kututembelea wazishike kanuni hizi pamoja nasi, na picha zisipigwe ndani ya chumba hicho.

Baada ya vipimo kuna hesabu, na darasani tumeitumia hesabu hii kufundisha asilimia. Suruali ya kaki huongezwa upana kuliko mwili ili mtu aweze kukaa. Suruali ya kuvutika hupunguzwa, kwa sababu kitambaa chenyewe kitafunguka. Kwa kitambaa kinachovutika asilimia 40 hadi 50 na kurudi vizuri, tunapunguza kama sehemu moja ya kumi. Nyonga ya sentimeta 88 inakuwa 79. Kitambaa cha pamba tupu kisichorudi vizuri tunakipunguza kidogo tu, sehemu moja ya ishirini au pungufu, kwa sababu kikivutwa sana hakitarudi. Urefu hatuupunguzi.

Lakini namba hizo ni mwanzo tu. Wasichana wawili wenye nyonga ya 88 hawana mwili mmoja. Mmoja nyonga yake iko nyuma, mwingine iko pembeni. Mmoja ana mapaja ya mkimbiaji. Tepu haiwezi kusema hayo. Kwa hiyo kiolezo, au patroni kama mafundi wa kwetu wanavyoita, tunakikata kwenye karatasi ya magazeti au mfuko wa saruji uliosafishwa, kisha tunakata kitambaa tukiacha akiba: sentimeta 2 kila mshono, 4 juu kiunoni na 4 chini kwenye pindo. Akiba hiyo ndiyo nafasi ya kurekebisha. Nguo iliyokatwa bila akiba haina marekebisho, na kitambaa kilichokatwa hakiungi.

Jaribio la kwanza

Sasa tunafika kwenye kiini cha kazi. Nguo ya kwanza tunaipiga bandi kwa mkono, kwa uzi wa rangi nyingine na mishono mirefu inayofumuliwa kwa urahisi. Kiunoni tunafunga lastiki kwa pini tu. Msichana anaivaa mwenyewe nyuma ya pazia, kisha tunamwomba afanye kazi anazozifanya kila siku. Asimame. Akae kwenye benchi. Achuchumae kama anayewasha mbabula. Ainame kama anayeinua ndoo kisimani. Apande ngazi. Ainue goti. Mwisho aruke, kama anayedaka mpira.

Tunatazama mikunjo, kwa maana mikunjo ya nguo inasoma kama maandishi. Mikunjo iliyovutika kwa ulalo inasema hapa ni pembamba. Mikunjo iliyolegea kwa wima inasema hapa ni pana. Mikunjo iliyolegea kwa ulalo inasema hapa ni ndefu. Mistari ya mshazari inanyoosha kidole mahali penye tatizo, na anayefuata mstari mpaka mwisho wake atalikuta.

Haya ndiyo tunayoyakuta mara kwa mara, pamoja na dawa yake:

Akichuchumaa, kiuno cha nyuma kinashuka na mgongo unaonekana. Hii ndiyo aibu ambayo wasichana wanaiogopa kuliko zote. Maana yake nyuma ni fupi. Tunapandisha kiuno cha nyuma kwa kutumia ile akiba ya juu, sentimeta 2 mpaka 4 nyuma, tukipunguza kidogo kidogo mpaka kufika kitu bure mbele.

Mapaja yana mistari ya ulalo iliyokazika. Tunafungua mshono wa ndani ya mguu na kuachia nusu sentimeta kila upande, kisha tunajaribu tena.

Mistari inatoka msamba na kuenea mapajani kama miale ya jua. Maana yake kitambaa hakitoshi pale mishono minne inapokutana. Wengine huamua kukata zaidi ule mviringo, lakini mara nyingi inavuta zaidi. Sisi tunatia kipande cha pembe nne, kirefu kuliko upana, katikati ya msamba. Mzigo unaondoka kwenye nukta moja na kugawanyika kwenye mishono ya kipande hicho. Msichana anaweza kuruka na kutanua miguu bila nguo kupasuka. Kipande hicho tunakishona kwa pamba ya tabaka mbili, kwa rangi nyeusi au ya kahawia, ili kimsaidie katika siku zake. Kwa wengi wao kipande hiki kidogo ndicho kinachowaondoa ukutani.

Chini ya makalio kuna mikunjo iliyolegea. Pengine nyuma ni ndefu mno, pengine paja ni pana mno. Tunabana kwa pini sehemu moja, tunatazama; tunatoa, tunabana sehemu nyingine, tunatazama. Ile inayofuta mkunjo ndiyo yenye jibu.

Mguu unazunguka, na mshono wa ndani unakuja mbele ya goti. Hili halina dawa ya uzi. Kitambaa kilikatwa upande upande. Ndiyo maana kabla ya kukata tunatafuta safu ya vitanzi kwa jicho na kuichora kwa chaki, na kiolezo kinalala sambamba nayo.

Katika marekebisho yote hayo tuna sheria moja ambayo walimu wa sayansi wanaijua vizuri: badilisha kitu kimoja kwa jaribio moja. Ukipandisha kiuno, ukaachia paja na kupunguza goti kwa mara moja, nguo ikikaa vizuri hutajua kilichoiponya, na ikiharibika hutajua kilichoiharibu. Kila badiliko linaandikwa kwenye karatasi ya kiolezo cha msichana huyo, ili nguo yake ya pili iwe rahisi.

Kisha kuna jaribio la mwanga. Akiwa ameinama, mama mmoja anatazama kitambaa nyuma na magotini. Kitambaa kikivutwa kupita kiasi kinafifia rangi na mwili unaonekana kwa ndani. Kikifanya hivyo, nguo inabana mno, lazima iachiwe au itafutwe fulana nzito zaidi. Hapa ndipo wasiwasi wa wazazi unapojibiwa kwa kazi kuliko maneno. Mama anayeona kwa macho yake kwamba nguo haionyeshi kitu, na kwamba juu yake kuna sketi, mara nyingi anarudi nyumbani ametulia.

Mwisho tunamuuliza mvaaji. Wahenga wanasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Fundi anaona mikunjo, lakini msichana ndiye anayejua mahali panapomkata, mahali panapomwasha, na kama anajisikia huru. Wengi mwanzoni wanasema "ni sawa" kwa heshima tu, kwa sababu wamezoea kupokea wanachopewa. Kwa hiyo hatuulizi kama ni sawa. Tunauliza: "Ungepewa nafasi ya kurekebisha sehemu moja, ungerekebisha wapi?" Hapo anaonyesha kwa kidole.

Kushona na kujaribu tena

Jaribio likikubali, tunashona. Cherehani zetu nyingi ni za miguu na zinapiga mshono ulionyooka peke yake. Mshono huo ukishonwa kama wa kaki, kitambaa kitavutika na uzi utakatika. Zipo njia za kupunguza tatizo hilo. Tumia uzi wa poliesta, maana wa pamba unakatika upesi. Fupisha mshono, kwa sababu mishono mifupi inabeba uzi mwingi zaidi katika urefu ule ule. Legeza kidogo mkazo wa uzi wa juu. Wakati wa kushona, shika kitambaa mbele na nyuma ya sindano na ukivute kwa upole. Piga mstari wa pili milimita 3 pembeni ya wa kwanza. Mwenye mashine ya zigizagi aitumie, nyembamba. Asiye na mashine anaweza kushona kwa mkono kwa mshono wa kurudi nyuma, nao unavutika vizuri.

Sindano iwe na ncha ya mviringo kama ipo. Sindano kali inatoboa kitanzi na kukikata, na kitanzi kilichokatika kinafumua vingine kama ngazi. Kila mara tunajaribu mshono kwenye kipande kilichobaki: tunauvuta mpaka mwisho. Uzi ukilia na kukatika, tunarudi kwenye mashine, si kwenye nguo.

Lastiki tunaikata pungufu kidogo ya kiuno, tunaifunga kwa pini, na msichana anakaa nayo na kuvuta pumzi. Vidole viwili vipite bila shida. Ikimwachia alama nyekundu, imekaza.

Kisha anaivaa kwa muda wa kama saa moja, anatembea nayo, anarudi. Kitambaa cha pamba kinalegea kwa joto la mwili, na mara nyingine kiuno kilichokuwa sawa kinataka kupunguzwa kidogo. Hilo ni jaribio la pili. Ndipo tunapiga pindo la chini, nalo tunaliacha refu. Mtoto anakua. Mwaka ujao tutafumua na kushusha.

Tunalotaka kusema

Ndugu zetu, walimu wanajua maana ya jaribio. Tukitoa jaribio la hesabu na nusu ya darasa ikakosa swali moja, mwalimu mwema anarudi kwenye ubao kuangalia alivyofundisha. Jaribio la nguo ni hivyo hivyo. Suruali isipomkaa binti, kinachofanyiwa kazi ni suruali. Tunafumua bandi, tunaachia mshono, tunamwita tena. Mtoto ambaye amesikia mara nyingi kwamba yeye ni mnene mno, mrefu mno au mwembamba mno kwa nguo zilizoletwa, anasikia kwa mara ya kwanza kwamba nguo ndiyo itakayobadilika. Tumeona jinsi wanavyosimama wakishasikia hivyo.

Tunawashukuru wote wanaotuletea nguo zilizoshonwa tayari, ndogo, wastani na kubwa. Zimevika watu wengi na hatuzidharau. Lakini taiti iliyoshonwa kwa ajili ya mtu asiyejulikana mara nyingi inaishia sanduku la chini au sokoni, na msichana anarudi ukutani. Kwa hiyo tunaomba mambo manne, nayo si ya gharama kubwa.

Kwanza, mkiweza, tuleteeni kitambaa cha kuvutika kwa mita, pamoja na lastiki, uzi wa poliesta na sindano za ncha ya mviringo, badala ya nguo zilizokwisha kukatwa.

Pili, tupatieni chumba kimoja chenye pazia zito, kufuli na kioo kirefu. Bila chumba hakuna jaribio la heshima, na bila jaribio hatuna kazi ya kuonyesha.

Tatu, mnapopanga kazi kwenye karatasi zenu, wekeni siku za majaribio. Kila nguo inahitaji msichana aje mara mbili au tatu. Taarifa inayohesabu nguo zilizotoka kwa wiki inatusukuma kushona upesi, na nguo ya haraka ndiyo inayochanika msamba uwanjani mbele ya watu. Afadhali mhesabu wasichana wanaocheza.

Nne, wazazi wetu, njooni kwenye majaribio. Mlango uko wazi kwa kila mama, pazia ni la mabinti tu. Semeni yanayowasumbua wakati nguo bado iko kwenye bandi, maana wakati huo kila kitu kinaweza kurekebishwa.

Na ninyi wasichana: mkiulizwa, semeni. Neno lenu ni kipimo cha tisa, na fundi hawezi kukichukua bila ninyi.

Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1994. Wapo kati yetu waliokuja wakiwa wamebebwa mgongoni, na leo wanabeba watoto wao. Katika muda huo mrefu tumejifunza kupokea, na kupokea si aibu. Lakini kuna vitu ambavyo havikai vizuri mpaka aliyekusudiwa aitwe, avae, aulizwe, na nguo ifumuliwe na kushonwa tena mbele yake. Tumelijua hilo kwa fulana mbili za mitumba na uzi wa bandi, na tunadhani linafaa katika mambo mengine mnayotupangia. Mtuite kwenye jaribio kabla hamjakata.

Kikundi kinakutana siku za mchana baada ya masomo. Mwenye mkasi aje na mkasi, mwenye fulana iliyochoka aje nayo, na asiye na kitu aje na mikono.